Chokoleti ya Memsahib na Pua ya Baba

Mjukuu wangu huoka keki za kuuza hapa Gatongora, na kazi anaiweza. Ana kosa moja tu linalonipandisha damu. Chokoleti yake ya kuokea huiweka juu ya friji, kando ya vitunguu na sabuni ya kufulia, halafu ikigeuka nyeupe anashangaa. Juzi nilimkuta akiitupa kwenye pipa.

"Unatupa nini hiyo?"

"Cucu, imeharibika. Ona vile imekuwa white. Customer akiiona hivi atasema nataka kumuua."

Nilimpokonya kipande kile mkononi, nikamfokea kuliko alivyostahili. Alinitazama kama mtu aliyedonolewa na kuku wake mwenyewe. Hakujua alilolisema, naye si wa kulaumiwa, maana sijawahi kumwambia. Sasa nimekaa niyaandike.

Kwanza nimalize habari ya chokoleti. Weupe ule si sumu wala si kuvu. Chokoleti ikipata joto, mafuta yake hupanda juu na kukaa pale kama vumbi la unga. Baba yangu aliita hali hiyo kuota mvi. Ukiiyeyusha na kuikoroga, mvi zinapotea. Kinachoiua kabisa ni harufu. Chokoleti hunyonya harufu ya chochote kilichokaa karibu nayo, na ikishainyonya haiiachi tena. Iweke na vitunguu, itakuwa kitunguu kitamu, basi.

Hayo niliyajua katika nyumba ya Wazungu, kwenye shamba la kahawa kati ya Ruiru na Thika, wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipokuwa wakiwasaka wapiganaji wa msituni. Baba alikuwa mpishi wa nyumba ile tangu mimi mtoto. Nilipokuwa msichana mkubwa aliniombea kazi ya kufua na kupiga pasi, tukawa tunaishi wawili kwenye nyumba za watumishi nyuma ya mikalitusi. Mama alibaki na wadogo zangu kijijini. Mimi nilipewa jina la mama yake baba, kwa hiyo aliniita maitu, yaani mama yangu, kama ilivyo desturi kwetu. Alikuwa mtu mfupi, mkali kwa mambo ya jikoni na mpole kwa mengine yote.

Na alikuwa na pua. Sisemi ukubwa, ingawa na ukubwa ulikuwepo, na wenzake walimtania kwamba mvua ikinyesha yeye anavuta sigara bila wasiwasi. Nasema kazi yake. Alijua maziwa yatakayochacha kesho. Akiwa nje anachanja kuni angeniambia maharagwe yameanza kushika chini, nami niliyesimama kando ya sufuria sijasikia kitu.

Memsahib ndiye aliyemfundisha chokoleti. Lazima niseme hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndiyo inayoniuma. Ilikuwa chokoleti chungu, nyeusi, ya vipande vikubwa kama matofali madogo, iliyoagizwa kupitia duka la Mhindi mjini Thika. Memsahib alimwonyesha jinsi ya kuiacha ndani ya karatasi yake ya bati, kuizungushia karatasi ya kaki juu yake, kisha kuitia kwenye mkebe wa biskuti wenye kifuniko kinachobana. Mkebe ulikaa stoo, chumba cha mawe upande usiopigwa na jua, juu ya sakafu, mbali na mafuta ya taa na sabuni. Haukuwekwa kwenye friji, maana chokoleti ikitolewa kwenye baridi hutoka jasho. Haukuwekwa pia kwenye lile kabati la nje la kuta za makaa, tulilolimwagia maji ili nyama ikae baridi, kwa sababu ya unyevu.

Siku moja ya kiangazi mkebe ulisahauliwa karibu na jiko, na vipande vikaota mvi. Baba aliingiwa na hofu. Memsahib alicheka, akakimega kimoja, akakila mbele yetu.

"Mpishi, angalia. Hii nyeupe hapana sumu. Hii joto tu. Lakini harufu, harufu ni mbaya sana. Wewe iko na pua mzuri. Kila Jumamosi, wewe nusa."

Basi ikawa desturi ya nyumba. Kila Jumamosi baada ya chai ya saa nne, memsahib aliushika mkebe mezani, baba akafuta mikono, akafumba macho, akaingiza pua ndani kama anayesali. Kisha akasema, "Iko sawa, memsahib," na memsahib akafunika. Wakati mwingine alisema, "Hii imekaa karibu na viazi," na kweli, ungekuta gunia la viazi limesogezwa. Memsahib alifurahi kama mtu anayeonyeshwa mazingaombwe. Kwa mambo madogo hayo mtu mweupe na mtu mweusi waliweza kukaa jiko moja na kuheshimiana, au mimi nilidhani hivyo.

Halafu mambo yakabadilika. Watu walianza kupotea. Shamba la jirani upande wa Murera liliondolewa vibarua wote asubuhi moja, wakapakiwa kwenye malori, na kahawa ikaivia mtini ikadondoka. Bwana alijiunga na askari wa akiba, akawa anaondoka na gari kila siku akirudi na uso ambao hakuwa nao zamani. Huko walikokuwa wakikutana, Wazungu walikuwa wakiambiana kwamba wapishi Wakikuyu wamelishwa kiapo cha kuwatilia mabwana zao sumu. Lisemwalo lipo, walisema nao kwa lugha yao, na kama halipo laja.

Baba alinyang'anywa ufunguo wa stoo, ufunguo aliokuwa ameuvaa kiunoni kabla sijaota meno. Bwana aliuvaa yeye. Asubuhi alifungua, memsahib akatoa vitu vya siku ile, kisha akafunga na kwenda zake. Saa kumi na mbili jioni sisi tulitolewa nje ya nyumba kubwa na mlango ukapigwa komeo mpaka asubuhi. Bwana alizoea kusimama mlangoni mwa jiko akimtazama baba akikata nyama. Baba aliendelea kukata. Jioni moja aliniambia kwamba kisu cha jikoni kimekuwa kizito.

Chumbani kwao kulikuwa na kabati la nguo lenye kufuli. Ndani, pamoja na masweta ya sufu, mlikaa bastola. Hakuna aliyetuambia. Memsahib alivaa ufunguo wake shingoni kwa kamba, na bwana alikuwa amemwamuru kabati lile lisifunguliwe kwa lingine lolote isipokuwa bastola na nguo zake za baridi. Siku zile Mzungu aliyepoteza bunduki yake alikuwa na makosa mazito mbele ya wenzake, na mtumishi aliyejua bunduki ilipo alikuwa na makosa mazito zaidi. Sisi tulijua, na tulijua kwamba kujua kwenyewe ni hatia. Kwa hiyo tulipita mbele ya kabati lile kama halipo.

Lakini mimi nilifua masweta. Na wakati wa jua kali kabla ya mvua ya masika, sweta la bwana lilipokuja kwenye kikapu changu, lilinukia chokoleti.

Nilielewa mara moja. Memsahib alichoka kungoja bwana arudi na ufunguo wa stoo kila alipotamani kuoka kitu, akauhamishia mkebe mahali alipokuwa na ufunguo wake mwenyewe, tena bila kukibana kifuniko. Nilicheka kimoyomoyo. Mtoto anaficha mandazi hivyo hivyo. Nilimwambia baba, naye hakucheka.

"Maitu, ndani ya kabati hilo kuna nini tena?"

"Naftalini," nilimwambia. Ndivyo tulivyoviita vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, ambavyo memsahib alivitawanya kati ya sufu.

Baba alitikisa kichwa. Kabati lilikuwa limesimama chini ya mabati yasiyo na dari, na chumba kile mchana kiliwaka kama tanuri. "Joto juu, naftalini chini," alisema. "Hiyo chokoreti imekufa. Na wewe hujaniambia kitu."

Ile desturi ya Jumamosi ilikuwa imekwisha yenyewe bila kutangazwa.

Ikafika siku ya wageni. Majirani walikuwa wanakuja kunywa chai, wanaume na wake zao, baadhi yao wenye bastola viunoni. Memsahib alikuja jikoni mbio, akampa baba kipande cha chokoleti kilichofungwa kwa karatasi. Mimi nilikuwa pale nikipiga pasi vitambaa vya meza. Baba alikifungua. Kilikuwa kimeota mvi pande zote. Hakuhitaji kukisogeza puani.

"Memsahib, hii imeshika harufu. Itaonja mbaya."

"Pika tu, mpishi. Wageni nakuja."

"Memsahib, afadhali keki ya ndimu."

"Mimi nimesema pika."

Alipika. Angefanya nini? Nusu aliiyeyusha ndani ya keki, nusu, kwa amri ya memsahib, aliikwangua na kuinyunyizia juu, na makwanguo yale yalikaa pale yakiwa ya kijivu kama majivu ya sigara.

Mimi nilipeleka vitambaa barazani, kwa hiyo niliona. Mke wa jirani mmoja alitia kipande kinywani, akaacha kutafuna. Alikitema kwenye kiganja. Mwingine akasema inachoma koo. Mazungumzo yakakatika, na macho yote yakaangukia ule unga mweupe juu ya keki. Nilimtazama memsahib. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba nyeupe ile si sumu. Alikuwa ameshika kisu cha keki, amefungua mdomo kidogo, na nilingoja neno lake. Halikutoka. Nadhani wakati ule na yeye alikuwa ameanza kuogopa keki yake.

Bwana hakupaza sauti. Alichukua sahani, akaikatia kipande kikubwa, akaiweka sakafuni mbele ya mbwa mdogo wa memsahib. Mbwa alikula chote, akalamba sahani, akatazama juu akitaka kingine. Akapewa. Watu walisimama wakimtazama mbwa anakula, na hakuna aliyekaa mpaka alipomaliza. Mbwa alitikisa mkia, akaenda kulala chini ya kiti. Wageni walicheka kicheko cha kujikongoja, wakaaga mapema ili wawahi barabara kabla ya giza. Baba aliosha vyombo. Tulipotolewa nje saa kumi na mbili aliniambia, "Leo tumepona."

Asubuhi nilipoleta kuni, mbwa alikuwa amekufa barazani. Alikuwa ametapika pote.

Niseme hapa jambo nililolijua baada ya miaka mingi, nilipomuuliza daktari wa mifugo aliyekuja kutazama ng'ombe wangu. Chokoleti chungu yenyewe ni sumu kwa mbwa. Mtu anaila na kunenepa, mbwa mdogo akila nyingi anakufa, hata iwe safi namna gani. Wangempa mbwa yule keki nzuri kuliko zote za maisha ya baba, bado angekufa. Lakini pale shambani hakuna aliyejua hilo, mweusi wala mweupe, na maiti ilikuwa imelala barazani.

Askari walikuja kabla chai haijachemka. Bwana alisimama nao jikoni, memsahib nyuma yake amejifunga koti la kulalia. Mimi nilikuwa mezani na pasi ya makaa, kwa sababu nilikuwa sijui mahali pengine pa kusimama.

"Umeweka nini kwa keki?" bwana aliuliza.

"Bwana, sikuweka kitu," baba alisema. "Chokoreti memsahib alinipa kwa mkono wake. Nilimwambia imeshika harufu."

Bwana aligeuka. Aliuliza kwa Kiswahili, sijui kwa nini, labda alitaka sisi tusikie jibu. "Hiyo chokoleti ilikuwa wapi?"

Neno moja. Kabati. Angesema kabati, bwana angefungua, angeona mkebe umekaa na naftalini, na baba angerudi kuchochea moto. Nilimwona memsahib akishika kamba ya shingoni. Nilimwona akimtazama mume wake, ule uso mpya aliokuwa nao siku hizo, na nikaelewa kwamba anamwogopa kuliko tulivyomwogopa sisi.

"Stoo," alisema. "Siku zote iko stoo. Jana asubuhi mimi nilitoa."

Baba hakubisha. Alimtazama memsahib kwa mshangao, kama mtu aliyemwona mgeni ndani ya nyumba. Nami damu ilinichemka. Nilifungua mdomo niseme, kabati, iko kabatini na bastola, nafua masweta yenu najua. Baba alinigeukia kabla sauti haijatoka.

"Maitu," alisema kwa Kikuyu, taratibu. "Nguo inaungua."

Nilitazama chini. Pasi ilikuwa imelala juu ya kitambaa, na ukingo wake umeanza kugeuka rangi ya chai. Harufu ilikuwa bado haijanifikia mimi niliyeishika. Niliinua pasi. Nilipoinua kichwa walikuwa wamekwisha kumfunga mikono na wanampeleka nje. Alikuwa ameninyamazisha, na alifanya sawa, maana wangetuchukua wote wawili.

Walimpeleka kwenye kambi moja upande wa Thika, mahali pa kuchujia watu. Wenyewe waliita skrini. Watu waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho walipitishwa mbele ya safu, na gunia likitikisa kichwa mbele yako, kwamba umekula kiapo, hutarudi nyumbani. Nilikwenda na chakula mara nyingi nikasimama nje ya waya. Chakula kilipokelewa. Kama kilimfikia sijui.

Bwana alitaka nifukuzwe. Memsahib alikataa, alisema hakuna mwingine ajuaye kupiga pasi mashati. Nikabaki. Siku sweta lilipokuja tena kwenye kikapu, nililichukua, nikamfuata kwenye ua wa nyuma ambapo hapakuwa na mtu.

"Memsahib, nusa."

Alilishika. Hakulisogeza hata puani. Chokoleti na naftalini zilikuwa zimeshikana humo kiasi kwamba nguo ilinuka tu kwa kuikunjua.

"Baba yangu atakufa huko," nilimwambia. "Wewe unajua. Sema kwa bwana."

Aliikunja nguo vizuri, akanirudishia.

"Wewe hapana jua hiyo kabati," alisema kwa sauti ndogo. "Sikia? Bwana akijua wewe najua, na wewe nakwenda."

Lilikuwa onyo na lilikuwa kitisho, na mpaka leo sijui kubwa lilikuwa lipi. Nilimchukia. Nasema wazi. Nilipiga pasi nguo zake za ndani nikimchukia, nikazipanga vizuri.

Basi kama watu hawawezi kusema, nilifikiri, atasema nani? Jibu nililipata sakafuni. Kiangazi kile sisimizi walikuwa wengi, wale wadogo weusi, wakitafuta chochote. Nilichukua sukari ya posho yangu, nikaiyeyusha kwenye maji ya kupangusia. Nilipopangusa sakafu ya chumba chao, mstari mmoja niliupitisha kwa kitambaa chenye maji yale, kutoka chini ya dirisha mpaka mguu wa kabati. Kesho yake nikarudia. Memsahib alisimama mlangoni akinitazama nafanya usafi, na hakuona kitu. Sisimizi hawaulizwi kipande, kile cheti Mwafrika alichotakiwa kutembea nacho.

Siku chache hakupita hata mmoja. Nililala nikifikiri juu ya gunia likitikisa kichwa. Halafu mchana mmoja bwana alirudi mapema, akaingia chumbani kubadili shati, na nikasikia buti zake zikisimama. Nilikuwa barazani nikinyunyizia nguo maji. Alimwita mkewe. Sisimizi walikuwa wamepanda kabati wakaingilia kwenye ufa wa mlango, safu nene, wanaoingia na wanaotoka, na wanaotoka wamebeba.

Alidai ufunguo. Nilisikia kufuli. Kisha alitoka barazani na mkebe wa biskuti mikononi, akaufungua mbele ya mwanga, akanusa, akarudisha kichwa nyuma haraka. Kiingereza changu kilikuwa kidogo, lakini nilielewa alipomwuliza tangu lini, na nilielewa memsahib alipoanza kulia. Bwana alisema neno la naftalini na neno la mbwa. Alikuwa ameamua kwamba naftalini ndiyo iliyomuua. Alikosea, na kosa lake ndilo lililomwokoa baba. Aliurudisha mkebe kabatini kwa kishindo, akafunga. Siku ile na kesho yake hawakusemezana, na kesho kutwa alikwenda kambini.

Kwa hiyo ukweli ulitoka, lakini ulitoka umechelewa. Baba alishushwa na lori barabarani, akaja kwa miguu kupitia mibuni. Nilimtambua kwa mwendo. Uso wake ulikuwa umekonda, na pua ile iliyotaniwa na kila mtu ilikuwa imelala upande mmoja, ina kovu katikati. Alipigwa rungu, alisema, mara ya pili alipokataa kukiri keki. Kidonda kimepona.

Nilimwekea uji motoni. Nilikaa kumtazama yeye badala ya sufuria, na uji ukaungua. Uliungua hasa, moshi ukajaa chumba, nami machozi yakanitoka kwa hasira ya kumharibia chakula chake cha kwanza. Baba alikuwa ameketi hatua mbili kutoka jikoni. Hakugeuza kichwa. Nilipompa kikombe alikunywa mpaka mwisho, akasema asante maitu, mtamu.

Sikumwuliza. Niliogopa jibu.

Bwana alimrudisha kazini, kwa kuwa mtu asiye na mwajiri siku zile alikuwa na safari moja tu, ya kurudi kwenye waya. Baba alivaa kanzu yake nyeupe na kofia. Alipika kwa kukumbuka. Aligusa, alitazama, alisikiliza mafuta yanavyolia kwenye kikaango. Nilianza kukaa jikoni zaidi ya ilivyonipasa, na chakula kikianza kushika chini nilikohoa. Hatukuwahi kulizungumza hilo. Bwana aliporudi kusimama mlangoni na kumtazama, nilisogea karibu na sufuria, kwa sababu mpishi asiyesikia harufu atafukuzwa, na mpishi aliyefukuzwa nilijua anakokwenda.

Jumamosi moja baada ya chai ya saa nne, memsahib aliingia na mkebe wa biskuti. Bwana alikuwa mlangoni akivuta kiko. Memsahib aliuweka mezani mbele ya baba, kama zamani, akajaribu kutabasamu. Nafikiri ilikuwa namna yake ya kuomba radhi, kumpa nafasi ya kuikataa na safari hii asikilizwe, na hakuwa na nyingine. Chokoleti ilikuwa ile ile. Hakuna aliyekuwa ameigusa tangu siku ya sisimizi.

"Mpishi," alisema. "Nusa."

Baba alifuta mikono. Alifumba macho, akainama, akaingiza pua ile iliyovunjika ndani ya mkebe, akakaa humo kwa muda wake wa kawaida. Mimi nilikuwa nimesimama mlango wa nyuma na kikapu cha nguo, na naftalini niliisikia kutoka pale.

"Iko sawa, memsahib," alisema baba.

Memsahib alimtazama. Rangi ilimtoka usoni taratibu, kuanzia midomo, na nilijua amejua. Bwana, nadhani akifikiri ni mpya, alimwuliza kutoka mlangoni kama iko nzuri. Alifunika mkebe kwa mikono miwili, akaubana kifuani.

"Iko sawa," alisema. "Mpishi nasema kweli."

Alikwenda kuimwaga mwenyewe chooni, akaagiza nyingine Thika. Jumamosi iliyofuata alileta mkebe mpya wenye chokoleti safi, nzuri, inukiayo mpaka uani. Baba alifuta mikono, akafumba macho, akaingiza pua, akasema vile vile, kwa sauti ile ile, kwamba iko sawa.